Kuimarisha Msingi wa Nyumba ya Mawe Lamu Kabla ya Kuibadilisha Matumizi: Mwongozo Kamili

Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, ikitaka kugeuzwa gesti, ofisi au madrasa, mwenyewe huanza kazi juu: paa la makuti, vyumba vya kuogea, rangi, milango ya nakshi. Msingi hukumbukwa siku ufa unapotokea juu ya mlango. Mwongozo huu unaanza chini. Umeandikwa kwa mwenye nyumba ya zamani ya matumbawe na chokaa hapa Lamu, na kwa mwashi na msimamizi watakaomfanyia kazi. Wa Shela na wa mtaa wa zamani wa Malindi nao wataufuata bila shida, kwa kuwa nyumba zao ni za jamaa hiyo hiyo.

Msimamo wangu nausema mapema ili ujue nakuelekeza wapi. Kwa nyumba hizi, kwanza ondoa maji, pili punguza uzito, tatu rudishia ukuta nguvu zake. Kuchimba chini ya ukuta kuje mwisho, tena pale tu ambapo bado pana haja. Nimeona watu wakifanya kinyume: wanachimba, wanamwaga zege, na karo (shimo la majitaka) inaendelea kuvuja hatua mbili kutoka ukutani. Fedha zimekwenda na ukuta bado unashuka.

Ijue nyumba kabla ya kuigusa

Kuta za nyumba hizi huwa na unene wa sentimita 40 hadi 60. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa chokaa na mchanga, na katikati ya ukuta mara nyingi mmejazwa vipande vidogo vidogo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haibebi zaidi ya hapo. Juu ya boriti hulazwa vipande vya matumbawe, kisha zege nene ya chokaa. Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana.

Msingi wenyewe hauna nondo wala zege ya saruji. Ni ukuta ule ule ulioshuka ardhini, pengine ukapanuka kidogo kila upande, ukakaa juu ya mchanga. Mji huu umejengwa kwenye mchanga unaopanda kutoka baharini. Ukiwa upande wa chini, karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, maji ya ardhini hayako mbali na nyayo za ukuta, na wakati wa bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda. Ukipanda juu kuelekea vilimani, mchanga ni mkavu lakini huweza kuwa mwepesi na usioshikana.

Tena nyumba nyingi zimeegemeana. Ukuta mmoja una wenyewe wawili. Na palipo na wikio juu ya njia, chumba kile kimekalia kuta za nyumba mbili, kwa hiyo ukuta wako ukishuka, unamvuta jirani. Mzungumzie jirani mapema, kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi, na mkubaliane kwa maandishi hali ya kuta zake ikoje leo. Piga picha za nyufa zake zote akiwepo mwenyewe.

Kubadilisha jengo matumizi si jambo geni hapa. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, iliwahi kuwa gereza hadi 1984, na baadaye ikawa makumbusho na maktaba. Nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani, 1888 hadi 1891, nayo ni makumbusho. Angalia kitu kimoja katika mifano hiyo: makumbusho haiongezi mabafu manane wala matangi darini. Gesti inaongeza. Kwa hiyo usijipe moyo kwa kuona jengo fulani limehimili. Uliza limeongezewa nini.

Hesabu ya uzito

Hapa tukae kidogo, maana hesabu hii ndiyo inayoamua kama unahitaji kuchimba au la. Mhandisi ataifanya kwa ukamilifu. Wewe ifahamu ili usiuziwe kazi usiyoihitaji, wala usikatae ile unayoihitaji.

Chukua mita moja ya ukuta wa nje wa nyumba ya ghorofa moja: unene sentimita 50, kimo mita 7. Mita moja ya ujazo ya mawe ya matumbawe na chokaa tuikadirie tani 1.8. Ukuta peke yake ni 0.5 × 7 × 1.8, yaani tani 6.3. Sakafu ya juu na paa bapa, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 30 na chumba kikiwa na upana wa mita 2.6, zinautwika ukuta huo tani 0.7 kila moja, jumla 1.4. Watu na vyombo vyao, kwa kipimo cha makazi cha kilo 150 kwa mita ya mraba, wanaongeza tani 0.2. Jumla ni karibu tani 8 kwa kila mita ya ukuta. Ikiwa nyayo za msingi zina upana wa sentimita 60, ardhi inabanwa kwa tani 13 kwa mita ya mraba.

Mchanga ulioshikana kiasi hubeba kati ya tani 10 na 30 kwa mita ya mraba, maji yakiwa mbali. Mchanga mwepesi hubeba chini ya 10. Na maji yakifika kwenye nyayo za msingi, nguvu ya mchanga hupungua karibu nusu. Maana yake ni kwamba nyumba yako imesimama vizuri, ila akiba iliyobaki ni ndogo. Ukuta wa katikati, unaobeba sakafu za pande mbili, una akiba ndogo zaidi.

Sasa weka matumizi mapya. Vyumba vya gesti huhesabiwa kilo 200 kwa mita ya mraba badala ya 150, kwa hiyo nyongeza kwa mita ya ukuta ni kilo 65 tu. Darasa ni kilo 300, nyongeza karibu kilo 200. Ukumbi wa mikutano au karamu usio na viti vya kudumu ni kilo 500, nyongeza kilo 455. Stoo na maktaba hazina kipimo kimoja: kila mita ya kimo cha vitabu vilivyopangwa ni kama kilo 240 kwa mita ya mraba, na hesabu hupanda haraka.

Linganisha na haya. Ghorofa mpya ya matofali yenye ukuta wa sentimita 20, kimo mita 3, na bamba la zege la sentimita 15 juu yake, inaongeza zaidi ya tani 1.5 kwa mita. Tangi la lita 5000 ni tani 5 za maji. Likikaa juu ya mita mbili za ukuta, ni tani 2.5 kwa mita, tena mahali pamoja, mara nyingi konani, pale ambapo ukuta hauna msaidizi.

Kwa hiyo wageni si tatizo la msingi wako. Tangi ni tatizo. Ghorofa ya zege ni tatizo. Ukitaka kukumbuka jambo moja katika sehemu hii, likumbuke hilo. (Sakafu za boriti zikaguliwe kivyake kabla ya kuita watu 40 kwenye karamu. Msingi unaweza kuwa mzima na boriti ikawa imeoza mle ndani ya ukuta.)

Vibali

Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na unalindwa na sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Anza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa hapa mjini, ukiwa na picha na mchoro wa nyumba ilivyo. Kisha serikali ya kaunti kwa kibali cha kubadilisha matumizi na cha ujenzi, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa kusajili kazi, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa upande wa mazingira, hasa habari ya majitaka. Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na umuulize wazi kama ameshawahi kushika nyumba ya chokaa. Mhandisi hodari wa zege asiyeijua chokaa atakuandikia zege kila mahali.

Mkichimba mkakuta vigae vya kale, sarafu au mifupa, simamisheni kazi na muwaite watu wa Makumbusho. Usiruhusu mtu aokote na kutia mfukoni.

Kuzisoma nyufa

Kwangua plasta kwenye kila ufa mpaka uone jiwe, maana ufa wa plasta pekee si habari. Uandike upana wake kwa milimita, mahali ulipo na unakoelekea. Ufa wa mshazari unaopanuka kadiri unavyopanda juu huonyesha kwamba mwisho wa ukuta, kwa kawaida kona, ndio unaoshuka. Ukiwa mpana zaidi chini, basi katikati ya ukuta ndipo panapozama. Ufa wa wima palipokutana ukuta wa zamani na wa nyongeza mara nyingi ni wa kutoshikana tu.

Chini ya milimita 5 unaweza kufuatilia kwa utulivu. Ukizidi 5, mhandisi auone. Ukizidi 15, au mlango umeanza kukataa kufunga, hamisha watu katika chumba hicho na ushikize ukuta kwanza, mengine baadaye.

Kisha tega vioo. Kata kipande chembamba cha kioo, kikalize juu ya ufa, ncha zake mbili zishikwe kwa jasi kwenye jiwe tupu, andika tarehe pembeni. Kioo kikikatika, ukuta unatembea. Viache vioo vipite katika masika au vuli, kwa kuwa ukuta unaotulia wakati wa kaskazi huweza kuamka mvua zikianza. Ufa mpana ambao kioo chake hakikatiki kwa msimu mzima ni kovu la zamani. Huo huzibwa tu, hauchimbiwi.

Mashimo ya ukaguzi

Chimba mashimo mawili au matatu, moja karibu na ufa mbaya, moja palipo pazima ili upate cha kulinganisha. Yasiwe konani. Upana wa mita moja unatosha, na kina kifike chini ya nyayo za msingi kwa sentimita 50, lakini usichimbe kuingia chini ya ukuta wenyewe. Mchanga wa Lamu hausimami, kwa hiyo zuia pande za shimo kwa mbao tangu mwanzo, na mtu asiingie peke yake bila mwenziwe juu.

Shuka polepole na uangalie. Utapita sakafu ya sasa, pengine sakafu nyingine ya chokaa chini yake, kisha kifusi cheusi chenye makaa na magamba ya chaza, ndipo mchanga safi. Shika mawe ya msingi kwa mkono. Kama chokaa kati yake inatoka kama unga mkavu, ukuta umepoteza gundi. Kama ni lowevu na kuna harufu ya choo, umeshapata jibu la nusu ya maswali yako. Pigilia kigingi cha mbao cha sentimita 5 chini ya shimo: kikikataa kuingia, mchanga umeshikana. Kikizama kwa mapigo machache, au mchanga ukichoteka kwa beleshi bila jasho, ni mwepesi.

Ukikuta maji, pima kina chake siku ya maji mafu (bahari inapopanda na kushuka kidogo tu) na tena siku ya bamvua. Andika vyote viwili. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia uchimbe wiki gani ya mwezi. Funika mashimo usiku kwa mbao nzito, watoto na punda wapo.

Maji kwanza

Nyumba ya familia ilikuwa na choo kimoja au viwili na karo moja, mara nyingi imeegemea ukuta. Gesti ya vyumba sita yenye wageni 12, kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, inamwaga lita 1200 kila siku katika karo ile ile. Mchanga chini ya ukuta unalowa na kukauka, chembe ndogo zinasombwa, na ukuta unashuka upande mmoja. Hapo hakuna zege itakayosaidia.

Karo mpya iwe mbali na kuta kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na mbali na kisima chochote, chako au cha jirani. Iwe na chemba zisizovuja na utaratibu wa kunyonywa, mapema kuliko zinavyojaa. Karo ya zamani usiiache tupu: ivute, ijaze mchanga na kokoto kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe. Mabafu mapya yapange moja juu ya jingine ili mabomba yashuke njia moja, nje ya ukuta panapowezekana, ili bomba likivuja uone.

Maji ya paa nayo yasimwagike kwenye nyayo za ukuta. Yapeleke tangini au kwenye mtaro. Na kama kuna plasta ya saruji kwenye mita moja ya chini ya ukuta, ibandue. Saruji inafungia unyevu ndani, unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inaota ndani ya jiwe na kulimega. Rudisha plasta ya chokaa inayoruhusu ukuta kupumua. Kazi hizi zikiisha, acha nyumba msimu mmoja kama unaweza. Mara nyingi vioo huacha kukatika hapo, na fedha za kuchimba zinabaki mfukoni.

Punguza uzito

Tangi kubwa lishuke chini, juu ya bamba lake lenyewe kiwanjani, na darini pabaki dogo la lita 500 linalojazwa kwa pampu, juu ya makutano ya kuta mbili, si katikati ya boriti. Nyumba nyingi zina zege ya saruji iliyoongezwa juu ya paa la zamani kuziba uvujaji. Bamba la sentimita 10 ni kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Liondoe kwa uangalifu, kwa tindo na nyundo ndogo, na uzibe upya kwa chokaa. Ghorofa ya juu ukiihitaji sana, iwe nguzo za mbao na makuti, nyepesi na ya kizamani, tena ndiyo wageni wanayoipenda.

Kushikiza

Kabla ya kugusa ukuta wowote, ushikize. Simamisha nguzo za mkoko au vyuma vya kushikizia chini ya sakafu, karibu na ukuta unaofanyiwa kazi, juu ya mbao pana zinazosambaza uzito kwenye sakafu ya chini. Milango na madirisha ya ukuta huo yajazwe mbao za kukaza. Nje weka mihimili ya mshazari, na njia ikiwa nyembamba, ikaze kati ya kuta mbili zinazotazamana, kwa ruhusa ya jirani. Timazi ining'inie kona zote tangu siku hiyo, na mtu mmoja awe na kazi ya kuisoma asubuhi na jioni.

Nywesha ukuta

Ukuta uliopoteza chokaa yake hauwezi kuchimbwa chini, mawe yatadondoka shimoni. Uimarishe kwanza kwa uji wa chokaa. Toboa matundu kila sentimita 50, yakiinama kidogo kuelekea ndani, kwa mistari inayopishana. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka vumbi liishe. Kisha mimina uji kwa mpira na faneli kutoka ndoo iliyoinuliwa mita moja au zaidi kidogo, uanzie mstari wa chini. Uji ukitokea tundu la pili, ziba la kwanza na uhamie. Usipande zaidi ya nusu mita kwa siku, maana uji mbichi unasukuma ukuta kwa ndani.

Chokaa ya kawaida haigandi penye unyevu mwingi na pasipo hewa. Kwa kazi ya chini tumia chokaa inayoganda majini, au changanya chokaa yako na unga wa matofali ya udongo yaliyochomwa, umechujwa mwembamba. Chokaa ya tanuu izimwe na kulowekwa wiki kadhaa kabla ya kutumika. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata kama uko mlangoni: chumvi yake itaota ndani ya jiwe na kukila chuma. Nunua mchanga uliosafishwa, lipa jahazi na punda, na ukubali kwamba katika mji usio na njia za magari ubebaji utakula sehemu kubwa ya bajeti.

Kupanua msingi

Kama hesabu inaonyesha ardhi bado inabanwa kupita kiasi, hasa pale ambapo maji yako karibu, kupanua ni bora kuliko kushuka. Ukishuka unakaribia maji. Ukipanua, uzito ule ule unakalia eneo kubwa zaidi: msingi wa sentimita 60 ukifanywa 110, tani 13 kwa mita ya mraba zinakuwa kama 7.

Kazi hufanywa kwa vipande vya mita moja. Chimba pande mbili za ukuta mpaka usawa wa nyayo, usipite. Shindilia mchanga. Jenga ukanda wa mawe magumu kila upande, ukiyaingiza mawe marefu ndani ya ukuta ili ya zamani na mapya yashikane, kwa mchanganyiko wa chokaa inayoganda majini, 1 kwa mchanga 3. Mawe ya kuchonga ya Maweni kule Manda yanafaa, chagua yale mazito yasiyo na matundu makubwa. Mhandisi akiagiza mihimili ya zege badala yake, iunganishwe kwa vipingo vinavyopenya ukutani kila mita 1 hadi 1.5, na nondo zifunikwe na zege isiyopungua sentimita 5, na sentimita 7.5 pale zege inapogusa udongo. Pungufu ya hapo kutu itaipasua.

Ukuta wa pamoja unapanuliwa upande wako tu isipokuwa jirani amekubali. Msingi wa upande mmoja unahitaji vipingo zaidi, hilo ni la mhandisi kuchora.

Kushusha msingi, kama hapana budi

Kuna hali inayolazimisha: kona imekalia kifusi au karo ya zamani, na mchanga mgumu uko nusu mita chini yake. Hapo shuka, kwa kiangazi, kati ya Januari na mwanzo wa Machi, na kama uko upande wa chini wa mji, panga siku za shimo wazi ziangukie maji mafu.

Gawa ukuta vipande vya sentimita 90, na kama mawe yamelegea, 60. Andika namba ukutani kwa rangi. Kwa ukuta wa mita 10 wenye vipande 11, mpango huu unafaa, ukisoma kutoka kona hadi kona: 3, 1, 4, 2, 5, 3, 1, 4, 2, 5, 3. Vipande vyenye namba 1 hufunguliwa kwanza pamoja, kisha vya 2, na kuendelea. Kwa njia hiyo kona hazianzi, vipande viwili vilivyogusana havifuatani, na hakuna wakati ambapo zaidi ya theluthi ya ukuta inaning'inia. Vikifika vya namba 3, ambavyo ni vitatu na viwili viko konani, mimi ningevifungua kimoja kimoja.

Kila kipande kinakwenda hivi:

1. Chimba kando ya ukuta kwanza, zuia pande kwa mbao, ndipo uingie chini ya ukuta. Safisha nyayo za mawe ya zamani, toa yaliyolegea.
2. Fika kwenye mchanga unaokataa kigingi. Shindilia. Msimamizi aone kwa macho yake na apige picha kabla ya kumwaga.
3. Mwaga zege au jenga mawe kama mchoro unavyosema, siku hiyo hiyo. Shimo lisilale wazi. Acha uwazi wa sentimita 7 hivi chini ya ukuta wa zamani.
4. Baada ya saa 24 hadi 48, jaza uwazi huo kwa mchanganyiko mkavu, saruji au chokaa inayoganda majini 1 kwa mchanga 3, wenye maji kidogo tu: ukiufinya kiganjani unashikana bila kutoa tone. Uingize kidogo kidogo na kuugonga kwa ubao na nyundo mpaka urudishe mlio mgumu. Hapa ndipo ukuta unapopokewa na msingi mpya. Fundi akiharakisha hapa, ukuta utashuka kiasi kile kile alichoacha.
5. Ngoja siku mbili nyingine kabla ya kufungua namba inayofuata. Rudishia mchanga kwa tabaka, ukishindilia.

Timazi ikisogea milimita 3 kutoka ilipokuwa, simamisha kila kitu, jaza mashimo yaliyo wazi na umwite mhandisi. Usishuke chini ya nyayo za msingi wa jirani bila yeye na mhandisi wake kukubali.

Baada ya kazi

Vishikizo vitolewe polepole, kimoja kila siku mbili tatu, ukianza na vya katikati. Tega vioo vipya kwenye nyufa zile zile. Usizibe wala kupaka rangi bado. Jenga mabafu na paa, jaza tangi, anza kutumia vyumba, ila nyufa ziache wazi zipite masika moja nzima, maana mzigo mpya hukandamiza mchanga kwa miezi. Kioo kimoja kikikatika mwanzoni na kilichowekwa badala yake kisikatike, ni kutulia tu. Vikiendelea kukatika, fuata maji: fungua chemba, mimina rangi ya kienyeji chooni na uangalie inatokea wapi.

Masika ikiisha na vioo vikiwa vizima, ziba nyufa kwa chokaa na vipande vya matumbawe, piga plasta ya chokaa. Michoro ya msingi, picha za kila shimo na vipimo vya maji ya bamvua peleka nakala ofisi ya Makumbusho, nyingine iwekwe pamoja na hati ya nyumba.